Parseli katika njia ya maji



Mvua zinarudi. Katika kambi zetu tunazihesabu kwa mambo ya nyumbani: tole moja inavuja, matope yamejaa mbele ya mlango, watoto wanachelewa masomo. Lakini kila nyumba ya kambi iko na mlango wa pili, na mlango ule unafungukia kijijini. Mama mzazi yuko huko. Mdogo wetu yuko huko. Na sisi wenyewe, siku ya pensheni, tutatafuta udongo huko. Kwa hiyo mwezi huu nataka tuongee juu ya mvua ya kijiji, na juu ya yule ambaye sheria imemweka karibu zaidi na mwanakijiji kusudi amlinde. Si Kinshasa. Si hata gavana wa jimbo. Ni sheferi au sekta, ile biro ndogo yenye bendera, pahali mnapokwenda kuomba karatasi na kungoja tangu asubuhi.

Tuanze na Nyamukubi.

Nyamukubi na Bushushu ni vijiji viwili kandokando ya ziwa Kivu, katika teritwari ya Kalehe, sheferi ya Buhavu. Nyuma kuna milima mirefu, mbele kuna ziwa, na watu wanakaa kwenye kipande chembamba cha udongo kilicho katikati. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa wameshuka vilimani na mizigo yao, wengine wametoka ziwani na sambaza. Mvua kali ikaanguka juu ya milima. Ile mito midogo, ambayo siku nyingine mtoto anaivuka akiwa na bidoni ya maji kichwani, ikafura yote pamoja. Haikuleta maji tu. Ilileta matope, miti mizima na mawe makubwa, na yote yakapita katikati ya nyumba na soko mpaka ziwani.

Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa. Watu wengine wengi hawakuonekana tena mpaka leo, maana ziwa na matope havirudishi hesabu. Wengi walizikwa pamoja katika kaburi moja, kwa sababu hapakuwa na mikono wala mbao za kutosha. Tarehe 8 Mei nchi nzima iliomboleza. Na usiku wa kuamkia tarehe 3 ya mwezi uleule, ng'ambo ya ziwa, mvua za majira yaleyale zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130 katika Rwanda.

Mambo hayo mliyasikia kwa radio. Lakini kuna jambo moja ambalo radio inalipita upesi. Pande hizohizo za Kalehe zilipigwa na maji kama hayo mwezi wa Oktoba 2014. Wakati ule nyumba zaidi ya 700 zilibomoka, na watu zaidi ya 130 walipotea. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa wakati wa maji ya kwanza alikuwa tayari mwanafunzi wa msingi wakati wa maji ya pili. Na soko lilikuwa palepale. Na nyumba zilikuwa nyingi kuliko zamani.

Basi swali langu la leo ni hili: katika miaka ile minane na nusu, ni nani alikuwa akikata parseli pale?

Siulizi kusudi nimhukumu mtu wa Kalehe. Kwanza watu wale wamekwisha kulia vya kutosha, na tangu mwanzo wa 2025 vita imeingia huko tena na kuvuruga hata utawala uliokuwapo. Nauliza kwa sababu parseli ya namna ile inakatwa kila siku, hata kwetu, na pengine hata wewe unayesoma uko nayo moja.

Tuangalie kwanza namna mahali pale palivyofanyika. Mto unaoshuka mlimani unakimbia sana, na maji yanayokimbia yanabeba udongo na mawe. Unapofika pahali pa sawasawa karibu na ziwa, mbio zake zinaisha, nao unaweka mzigo wake chini. Mwaka hadi mwaka, mzigo ule unatandika kiwanja kizuri chenye udongo mweusi. Pale muhogo unakubali, maharagwe yanakubali, barabara inapita vizuri, mtumbwi unafika. Kila mtu anapapenda. Lakini ni mto wenyewe uliotengeneza kiwanja kile, na haukukitengeneza mara moja tu. Unarudi. Pengine baada ya miaka miwili, pengine baada ya ishirini. Mzee wa kijiji anajua. Mgeni hajui.

Na wageni ni wengi. Watu wamekimbia vita kule juu, wameacha ng'ombe na mashamba, wanashuka kando ya barabara pahali wanaona usalama kidogo. Wanaomba udongo. Mwenye udongo wa kimila anapokea kalinzi yake, kama watu wa Kivu wanavyoita zawadi ile ya kuingia shambani, anaonyesha mpaka kwa mkono: kutoka mgomba huu mpaka jiwe lile. Karani wa grupema anaandika karatasi. Kule biro ya sheferi wanapiga muhuri. Katika safari yote ile ya karatasi, hakuna hata mmoja anayeuliza: maji ya mwaka ule yalifika wapi?

Sasa lazima nieleze kidogo mambo ya leta, kwa maana wengi wetu tunayachanganya. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema kuna tawala nne zinazojitegemea chini ya jimbo: mji, komine, sekta na sheferi. Kijiji na grupema havimo. Teritwari yenyewe, ijapokuwa administrateri wake ni bwana mkubwa mwenye motokari, haimo. Ni mkono wa leta tu. Kwa watu wa vijijini, basi, tawala zinazojitegemea ni mbili: sekta, na sheferi ya mwami au sultani. Hizo mbili ziko na buje yao, zinaweza kununua, kujenga, kushitaki na kushitakiwa. Sheria inataka zile ziwe na konseye iliyochaguliwa na raia. Lakini uchaguzi wa Desemba 2023 ulichagua wakonseye wa komine fulani za mijini, si wa sekta na sheferi. Kwa hiyo katika vijiji vyetu bwana sefu anapanga buje, anaitumia, na hakuna konseye ya kumwuliza. Ninyi ndio mnabaki.

Hapa nitasema habari yangu mwenyewe, hata kama inanipa haya.

Miaka kadhaa iliyopita nilianza kutafuta udongo nje ya mji, pahali pa kujenga nyumba ya uzee. Mnajua namna tunavyohesabu: siku kazi ikiisha, nyumba ya kampuni inakwisha pia, na mwanaume anabaki na vitanda vyake barabarani. Nikapata kijiji kimoja, kilometa chache kutoka machimboni, chini ya sekta moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa mwezi wa nane, jua kali. Parseli nzuri, mita 30 kwa 40, bei si mbaya. Upande wa chini kulikuwa na kijito. Nikamwuliza mzee aliyenionyesha: na hiki? Akacheka. "Papa, aka kamuto hakana mambo. Unakapita na viatu." Na kwa kweli nilikapita na viatu. Nikalipa, nikapewa karatasi yenye muhuri mzuri wa mviringo.

Mwezi wa pili uliofuata, kijito kilibeba brike zangu 3.000 na choo cha jirani. Jirani mwenyewe, mama mjane mwenye watoto wanne, aliamka maji yakiwa magotini. Alitoa watoto mmoja mmoja kwa mgongo wake. Nilipokwenda kuuliza kwenye biro ile, waliniambia: "Wewe ulinunua, wewe ulipenda." Nikakasirika sana. Lakini njiani nikafikiri: ni kweli, sikuuliza wazee wengine, sikuja kuangalia wakati wa mvua, nilikimbilia bei. Na bado muhuri ni wao. Makosa yangu hayafuti muhuri wao. Kama karani angekuwa na daftari moja tu linaloonyesha njia za maji, asingepiga muhuri ule, na mama yule angejenga juu zaidi, mita 50 tu.

Ndiyo sababu nasema kazi ya kwanza ya sekta au sheferi katika kulinda watu haihitaji kamio wala mashini kubwa. Ni kukataa. Kupita kijijini na wazee, kutia alama kwa mawe au kwa miti pahali maji yalifika, kuandika katika daftari, na kukataa muhuri kwa nyumba ndani ya alama. Mashamba yawe pale, sawa, viazi vikienda na maji tutalia siku moja. Soko la nyasi na mbao liwe pale pengine, kama kuna namna ya kukimbia. Lakini kitanda cha mtoto kisiwe pale.

Najua mtakalosema. Kukataa kunapoteza franka. Kila parseli inalipa mtu fulani: mwenye udongo, karani, sefu. Nami najibu kwamba ndiyo, hapo ndipo shida ilipo, si mawinguni.

Kuna kazi ya pili, nayo iko na historia chungu. Mlima wenye miti na majani unakunywa mvua polepole. Mlima uliolimwa mpaka kichwani, au uliokatwa miti kwa makala, unaitema yote mara moja. (Na makala yale yanakwenda wapi? Hapa mjini, chini ya sufuria zetu za bukari. Tusiwalaumu watu wa kijiji peke yao.) Hebu tuhesabu kidogo. Mvua ya milimita 50, yaani maji yanayopanda vidole vitatu katika kopo lililosimama wima, ikianguka juu ya hektari moja ni litre 500.000. Hiyo ni mapipa 2.500 ya yale tunayowekea mafuta, juu ya hektari moja tu. Mlima wa Kalehe si hektari moja.

Namna ya kuyashika maji yale inajulikana tangu zamani. Unachimba mifereji inayokata mlima kwa upana, si kutoka juu kwenda chini, kusudi maji yasimame ndani yake na kuingia udongoni. Ukingoni unapanda majani yenye mizizi mingi, yanashika udongo na kulisha mbuzi. Kusudi mfereji uwe sawasawa, unafunga miti mitatu kama herufi A, unaning'iniza kamba yenye jiwe katikati, na kamba ile inakuonyesha kama mguu mmoja uko juu kuliko mwingine. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuitengeneza.

Kivu ilikuwa na mifereji hiyo. Wakati wa wabelgiji watu walilazimishwa kuichimba, na aliyekataa alipata faini au jela. Kwa hiyo uhuru ulipofika 1960, wengi waliiacha ijae udongo, wakafurahi. Nani atawalaumu? Halafu ikaja Salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya siku ya posho, jembe mkononi na ofisa nyuma yako. Mara nyingi watu walifyeka majani mbele ya nyumba ya mkubwa. Basi leo sefu akiita watu: "Njooni tuchimbe mifereji mlimani", mzee anasikia fimbo katika neno lile, ijapokuwa sefu hana fimbo. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Namna ya kuitumisha ndiyo iliichafua.

Kwa hiyo sekta inayotaka mifereji sharti ianze pengine. Ilipe. Hata kidogo: kilo za unga, chumvi, jembe linalobaki mkononi mwa aliyelima. Na ianze mlimani pa mkubwa mwenyewe. Nimeona kijiji kimoja ambapo sefu alivua koti akachimba mita za kwanza mbele ya watu. Hawakusema neno. Kesho yake walikuwa 60.

Sasa kazi ya tatu, kuonya. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ya Kasaba.

Kasaba ni kijiji cha sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi, kandokando ya ziwa Tanganyika. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto wa Kasaba ulifura wakati watu wamelala. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao watoto na wazee. Wakati ule mtu alifika kijijini kwa njia ya ziwa tu, na telefone haikushika rezo. Fikirini: hata kama mkubwa wa meteo angejua tangu saa kumi na mbili ya jioni, angemwambia nani? Kwa njia gani?

Pahali kama pale onyo haliwezi kutoka mbali. Lazima litoke mlimani juu kidogo, kwa mtu anayeona mto kabla ya wale wa chini. Mto unaofura unajulikana: maji yanabadilika rangi upesi, sauti ya mawe inasikika, na mara nyingine maji yanapungua ghafula ingawa mvua inaendelea, maana yake miti na udongo vimeziba juu, na kizibo kile kitapasuka. Alama ile ya mwisho ni mbaya kuliko zote. Mtu akiona mto unapungua chini ya mvua, asishuke kuokota samaki. Akimbie.

Basi sekta inaweza kuchagua watu wawili au watatu wanaokaa juu, kuwapa filimbi, tochi na koti la mvua, na kuwalipa kitu katika miezi ya hatari. Filimbi juu, kengele ya kanisa au chuma cha shule katikati, ngoma chini. Na watu wajue mbele: tukisikia, tunapanda upande gani? Nani anabeba bibi wa nyumba ya tatu asiyetembea? Hayo yanapangwa mchana, katika jua, na kujaribiwa mara moja kwa majira kama watoto wanavyojaribu kupanga mstari shuleni. Watu watacheka siku ya kujaribu. Wacheke tu.

Usiku ule kwetu hakukuwa na filimbi. Mwana mkubwa wa mama mjane ndiye aliyelia: "Mama, mayi inaingia! Mayi iko mu kitanda!" Ndiyo onyo tulilokuwa nalo.

Kazi ya nne inaonekana ndogo kabisa. Baada ya maji ya 2023, wataalamu wa hali ya hewa kutoka nchi mbalimbali walijaribu kuchunguza kama kubadilika kwa hali ya hewa ya dunia ndiko kulikoongeza mvua ile ya ziwa Kivu. Mwezi wa Juni 2023 walitoa jibu: hawawezi kusema ndiyo wala hapana, kwa sababu vipimo vya mvua upande huu ni haba mno. Watu zaidi ya 400 wamekufa kwa mvua, na hatuna daftari la kutosha linalosema mvua imebadilika namna gani. Jambo lile liliniumiza kuliko maneno mengi ya wanasiasa.

Kupima mvua si kazi ya mzungu. Kopo lenye ubavu uliosimama wima, mdomo na kitako vikiwa sawa, na rula ya mwanafunzi. Unalitia katika uwanja wazi, si chini ya mti wala karibu na ukingo wa paa, juu ya nguzo kusudi kuku na mbuzi wasilifikie. Kila asubuhi saa moja unapima, unaandika, unamwaga. Shule, kituo cha afya na parokia wanaweza kufanya hivyo. Biro ya sekta ikikusanya madaftari hayo kila mwezi, baada ya miaka mitatu itajua kitu ambacho sasa hakuna anayekijua: ni milimita ngapi zinaamsha mto huu wetu.

Nimesema filimbi, unga, jembe, daftari. Vinatoka wapi? Hapo nataka wafanyakazi wa machimbo wasikilize, kwa maana franka hizo zinatoka katika jasho lao.

Kodi ya machimbo iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa malipo ambayo kila kampuni ya machimbo inatoa juu ya madini inayouza. Katika kila franka 100, 50 zinakwenda kwa leta kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa sekta, sheferi, mji au komine ile pahali madini yanachimbwa. Tena mbali na hayo, kampuni sharti itoe angalau franka 3 katika kila franka 1.000 za mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Hizo si sadaka. Ni haki iliyoandikwa. Sekta zenye kampuni kubwa ndani yake zimeingiza pesa ambazo baba zetu hawakuziota. Mashule yamejengwa kwa pesa hizo, na zahanati. Motokari pia, na majumba ya mikutano yenye viti vinavyong'aa. Lakini tembeeni mtafute mfereji mmoja wa maji ya mlimani, au mtu mmoja wa filimbi anayelipwa.

Nasema kweli pia kwamba si kila pahali pako hivyo. Kalehe iko na machimbo, pale Nyabibwe na kwingine, lakini ni ya watu wanaochimba kwa mikono, na malipo ninayosema ni ya makampuni. Sheferi yenye mlima mbaya kabisa inaweza kuwa ndiyo yenye kasha tupu. Kwa wale, jimbo ndilo lenye kuulizwa. Msiende kwa sefu maskini kumdai pesa za kampuni asizonazo. Mdaini muhuri tu, ule asiupige vibaya.

Watu wananiuliza pia juu ya kuhamisha vijiji. Baada ya kila msiba tunasikia: serikali itawahamisha watu. Goma iliungua kwa moto wa Nyiragongo Januari 2002, na watu walirudi kujenga juu ya mawe yaleyale meusi. Mlima ukatapika tena 22 Mei 2021. Si ujinga. Mtu anarudi kwa sababu shamba lake liko pale, soko liko pale, na kule alikopelekwa maji yako mbali saa mbili. Ukitaka kuhamisha nyumba, hamisha kwanza bomba la maji na soko, na uache mtu alime palepale chini. Atapanda mwenyewe kulala juu.

Sasa namna ya kwenda kuuliza. Msiende mmoja mmoja, maana mmoja anaitwa mpinzani. Msiende pia watu 100 na nyimbo. Nendeni watatu au wanne: mwalimu, mama wa soko, mzee anayejua mto. Muandike karatasi, mbakize kopi, mwombe muhuri wa kupokea. Mwulize mambo matatu tu: buje ya mwaka huu imeweka kiasi gani kwa kazi za maji, nani ameandika pahali mto ulifika, na parseli ngapi zimepewa muhuri kando ya mto tangu mwaka jana. Kama sefu ni mtu mzuri, mnamsaidia, kwa maana yeye naye anasukumwa na wakubwa wengine wanaotaka parseli. Kama si mzuri, atajua kwamba kuna watu wanaohesabu.

Sisi tulikwenda mwezi uliopita: mimi, mama mjane jirani yangu, na mzee yule aliyeniambia kijito hakina mambo, ambaye sasa anaona haya na ndiye anayesema kwa nguvu kuliko sote. Karani alisoma karatasi yetu mara mbili, akaingia ndani, akatoka. Akasema bwana mkubwa yuko safarini, turudi Jumanne. Muhuri wa kupokea alikataa kwanza, halafu mama akakaa chini kwenye baraza na kufungua mtungi wake wa uji, kama mtu mwenye siku nzima. Akapiga muhuri.

Tutarudi Jumanne. Kopo langu limesimama tayari kwenye nguzo ya uwanja. Leo asubuhi lilikuwa na milimita 18.